Ungekuja Desemba

Feri ya kutoka Mbita ilibeba kreti za soda,
mabati kumi na mawili, jogoo mwenye kikohozi,
na mimi.
Mkata tikiti alitazama viatu vyangu, akatazama mawingu,
akasema kama mtu anayetoa pole:
Ungekuja Desemba.

Sikumwambia kwamba Desemba ina bei yake,
na pensheni ya mwalimu wa hesabu haijui kuogelea.

Mfangano kilikuwa kimevaa nguo za nyumbani.
Kisiwa kama mama aliyebishiwa hodi mapema,
leso kiunoni, nusu ya kichwa imesukwa,
nusu bado.

Kwenye nyumba ya wageni viti vilipandana migongo
chini ya turubai. Ubao wa mlangoni
ulikuwa bado unatangaza samaki wa Agosti.
Kaspare Ojuka, mlinzi, mpishi, na wiki ile meneja pia,
alifungua chumba nambari nne kwa bega.
Hiki ndicho kisichovuja sana, alisema,
akawapangusa mezani wadudu wa ziwa,
maelfu, wepesi kama majivu,
waliofika usiku kama moshi wakafa wakitafuta balbu.
Ungekuja Desemba, mwalimu.
Kuna muziki. Kuna watu. Hata umeme hujitahidi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema.
Hakuna anayeuliza mgeni anaumwa wapi.

Siku ya pili nilipanda kuona michoro ya mapangoni.
Mwenye funguo, nikaambiwa, yuko kwenye mtihani
wa kidato cha nne; karatasi ya pili, hesabu.
Nikaketi nje ya lango, juu ya jiwe lililolowa,
nikaifikiria ile miduara, nyekundu ndani ya nyeupe.
Miaka thelathini na mmoja nimechora duara ubaoni
nikawaambia watoto watafute eneo lake.
Sikuwahi kuwauliza
aliyelichora alikuwa na nini moyoni.

Nikamwombea yule kijana swali la duara.

Kisha mvua.
Ufuoni Peres Aduma alikuwa ameanika omena kwenye nyavu,
fedha ndogondogo, shamba zima.
Alinipa ncha mbili za karatasi ya nailoni
kabla ya kuniuliza jina.
Tukakimbia. Tukafunika. Jua likatoka, tukafunua.
Likaingia, tukafunika tena, mara nne mchana ule,
yeye akiitukana mvua kwa Kisuba, mimi kwa Kiswahili,
mpaka tukashindwa kukimbia kwa kucheka.
Nililala nikinuka omena
na sikuoga makusudi.

Kule Kisumu kuna fundi saa, mgane,
anayebisha mlangoni kwangu kila Jumamosi
na papai moja kwenye gazeti.
Namjibu kupitia dirishani.
Si kwamba simtaki.
Naona haya ya viti vilivyopandana,
ya ubao wenye habari za zamani,
ya magoti yanayolia ngazini.
Kila Jumamosi ulimi wangu unataka kumwambia
angekuja nilipokuwa na muziki,
nilipokuwa na watu.

Usiku wa tatu umeme ulikatika.
Ziwa lilikuwa likipumua gizani, karibu sana,
bila kumwonyesha mtu chochote.
Nilisikia kiboko akikata nyasi chini ya dirisha,
taratibu, kama fundi cherehani asiye na haraka ya sikukuu.
Kaspare alikuja na taa ya mafuta na mahindi mawili ya kuchoma.
Tukala. Hakusema Desemba.

Asubuhi alinipa kitabu cha wageni.
Wa mwisho kabla yangu aliandika tarehe mbili Septemba,
Pazuri sana, kisha jina lisilosomeka.
Kalamu haikuwa na wino.
Kaspare akaipuliza, akaipasha moto viganjani, akaitikisa,
akaanza kuomba radhi.

Nikaandika hivyo hivyo, kwa kukandamiza.
Ukiuinamisha ukurasa kwenye mwanga,
yanasomeka.